Mashine ya Unga na Meno ya Baba Mkwe

Mwezi uliopita nililala kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Kisii nikiwa mgonjwa, si mhudumu, na nikatoka pale na hasira ambayo mpaka leo sijaweza kuitua. Daktari mwenyewe ni msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Alinieleza kwa adabu kwamba fizi zangu zimeanza kuachana na meno ya nyuma, kana kwamba mimi sikuwahi kuwaeleza watu wengine maneno hayohayo kwa miaka ishirini na tisa. Kisha akachukua kidude chembamba, akakiingiza chini ya ufizi, nacho kikapuliza maji na unga laini huko chini ambako enzi zetu tulifika kwa chuma na damu. Sikusikia uchungu. Nikangoja uje, haukuja. "Tumemaliza, mama," akasema. "Hii unga ni laini, haikwaruzi mzizi." Nilipotoka nikamkuta kwenye benchi Daktari Makori, mwajiri wangu wa zamani, mzee sasa, fimbo mapajani, naye ameleta fizi zake. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Hata salamu hakumaliza. "Kemunto," akaniambia, "sasa inaingia chini. Umeona? Sasa inaingia." Alikuwa anatabasamu. Mimi nilitamani kumpokonya ile fimbo.

Alikuwa anazungumzia mwaka wa tisini na sita, na alijua kwamba nimejua. Mwaka ule kliniki yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa la mama mmoja Mhindi tuliyemwita Mama Hansa. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi mbili na kalenda ya duka la chini. Chumba cha ndani kilikuwa na kiti kimoja cha wagonjwa, dirisha la kutazama barabara, na mlango wa nyuma wenye ngazi za zege zilizoteremka hadi stoo ya Mama Hansa. Saa sita mchana harufu ya jira na vitunguu ilipanda ngazi hizo ikachanganyika na dawa ya karafuu, na mpaka leo nikinusa jira nasikia meno. Makori alikuwa bingwa wa kung'oa. Aling'oa haraka, kwa huruma, akipiga hadithi, na mgonjwa alishtukia jino liko kwenye sahani. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Nairobi na cheti cha afya ya kinywa na mikono iliyofundishwa kazi moja aliyoidharau: kuingia chini ya ufizi kwa vyuma vyembamba na kukwangua ukoga uliogeuka jiwe kwenye mzizi wa jino, polepole, jino moja baada ya jingine, mpaka mzizi uwe laini na ufizi uukumbatie tena. Kazi hiyo huchosha shingo na haina sifa. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachoonekana isipokuwa kwamba jino halikung'oka, na nani atamshukuru mtu kwa jambo ambalo halikutokea?

Kisha mashine ikaja. Daktari mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao alimwachia Makori, na Makori akaipokea kama mtoto wa kwanza. Ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa lenye bomba na mdomo mdogo wa chuma, ikiunganishwa na kompresa iliyonguruma kwenye ubaraza. Ilipuliza hewa, maji na unga wa magadi wenye chumvichumvi, na meno ya kahawia ya mnywaji chai wa miaka thelathini yakawa meupe wakati yeye mwenyewe anaangalia kwenye kioo. Jioni Makori aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile ambacho watu hufunikia redio sebuleni. Mvua za Machi zilipoanza, unga ulishika unyevu ukagandamana, mdomo ukaziba, na kazi ya kuukausha kwenye kikaango juu ya jiko la Mama Hansa ikawa yangu. Mama Hansa alinifundisha kutia punje za mchele kwenye chupa ili zinyonye unyevu. Kwa hiyo mimi, mwenye cheti, asubuhi nilikuwa nakaanga unga.

Kijitabu cha mashine kilisema wazi kwamba ni ya juu ya ufizi tu. Nilimsomea Makori ukurasa huo mara mbili. Ugonjwa unaong'oa meno ya watu wazima hauko juu, uko chini, ndani ya vifuko ambako ufizi umebanduka, na kumng'arisha mtu meno huku vifuko vimejaa usaha ni kupaka chokaa nyumba inayoliwa na mchwa. Nilisema hivyo. Makori alicheka. "Watu wanataka kitu cha kuona, Kemunto. Ukikwangua kule chini, nani ataona?" Na alisema kweli, ndilo lililoniudhi zaidi. Walitoka Nyakoe, walitoka Gesima, maharusi na wasimamizi wao, na kabla ya makambi ya kanisa ya Agosti kwaya nzima zilijaza benchi zikitaka mng'aro. Niliwaonyesha kwenye kioo kidogo ufizi uliovimba, nikawaambia warudi mara nne nikwangue chini. Wakaitika vizuri sana, "Sawa daktari, tutarudi," na sikuwaona tena. Mwalimu mmoja wa Gesima ndiye aliyekubali. Nilifanya kazi kinywani mwake wiki tatu. Lakini ukoga ulikuwa umeyashika meno yake yaliyolegea kama saruji, na nilipouondoa akayasikia yakicheza kidogo, jinsi inavyokuwa kabla ufizi haujakaza. Hakungoja. "Nilikuja na meno yamesimama," akaniambia mbele ya wagonjwa wote. "Ni wewe umeyalegeza." Akatoka kuwatangazia watu sokoni. Nilijifungia stoo nikalia kwa hasira, katikati ya marobota ya satini.

Mtu niliyetaka kumtibu kuliko wote alikuwa ndiye mtu mmoja nisiyeweza kumgusa. Nilikuwa nimeolewa Ekerenyo miezi michache kabla, na kila Sabato baada ya ibada mimi na mume wangu Nyabuto tulikula kwao. Sisi Abagusii tuna tunachokiita chinsoni, heshima iliyochanganyika na aibu, nayo kati ya mke wa mtu na baba mkwe wake ni ukuta. Simpi mkono. Siketi alipoketi. Siingii chumba chake. Kutazama ndani ya kinywa chake, sembuse kutia vidole, ni jambo ambalo hata kulisema ni kutukana. Kwa hiyo nilimjua Mzee Onchari kwa sauti tu, kutoka jikoni. Alikuwa mwalimu wa somo la Sabato, mtu wa maneno yaliyonyooka, mpenda mahindi ya kuchoma na muwa. Nilijua anapotafuna na anapocheka. Mwezi wa tatu nikaanza kusikia kwamba hatafuni tena. Mama mkwe alikuwa anamtengea sahani peke yake, akiponda ndizi na kuikatakata mboga ya saga mpaka ikawa uji, na ugali wa wimbi akimchovyea kwenye mchuzi. Nikiosha vyombo niliona damu kwenye ukingo wa kikombe chake. Siku moja nilikuta gunzi la hindi aliloanza kulila akaliacha, limetiwa rangi nyekundu pande mbili. Nikajua. Ningeweza kuchora kinywa kile nikiwa nimefumba macho: meno manane hivi, ya mbele chini na ya pembeni juu, yamelegea lakini yanaokoleka, kama mtu angeingia chini ya ufizi mwaka uleule. Angekawia hadi mwaka mpya, yangekuwa ya kuzika. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Nilimwambia Nyabuto tukiwa njiani kurudi. Akasimama kabisa. "Nitamwambiaje baba kwamba wewe umechungulia kikombe chake?" Nikamwambia amwambie kwamba ameona mwenyewe. Akasema mtoto wa kiume haoni kinywa cha baba yake. Basi amwambie mama. Akamwambia mama mwezi wa tano, kwa kuzunguka, akianza na habari za meno ya jirani. Mama akangoja wakati mzuri wa kumwambia mzee. Wiki zilipita, na kila Sabato mimi niko jikoni na kikombe mkononi, nikiona damu inaongezeka, watu wazima wanne tukijua jambo moja na kila mmoja akimstahi mwenzake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tuliyaficha kwa adabu nzuri kweli. Siku moja nilimsikia mgeni wao akimwambia mwenzake kwenye uga, bila kujua niko dirishani, kwamba siku hizi kwenye somo wanakaa viti vya nyuma kwa sababu ya pumzi ya mwalimu. Mzee naye alikuwa ameanza kufundisha akiwa ameweka mkono mdomoni. Nilitaka kutoka nje nipige kelele. Nikasuuza kikombe nikakiweka pahali pake.

Mwezi wa saba likaja jibu kupitia njia ileile ndefu: mzee atakuja kliniki Jumatano. Nilimwendea Makori siku hiyohiyo. Nikamwambia huyu ni baba mkwe wangu, siwezi kuwamo, kwa hiyo utamtibu wewe, kwa vyuma vyangu, na uende polepole. Nikamwekea vyuma kwenye sinia kwa mpangilio. Nikamwambia, "Na mashine usiiingize chini ya ufizi." Akanitazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mke mgeni anayehangaikia wakwe. "Baba yako ni baba yangu," akasema. "Nitampa kitu kizuri kabisa." Sikuipenda sentensi hiyo, lakini niliinyamazia, kwa sababu alikuwa bosi wangu na alikuwa ananifanyia hisani.

Jumatano, kama saa nne, niliwaona kutoka dirishani wakivuka barabara, mzee mbele kwa koti lake la Sabato, mama mkwe hatua chache nyuma. Nilivua aproni. Kabla hawajafika mlango wa chini, mimi nilikuwa nimeshateremka ngazi za nyuma mpaka stoo. Nilijiona mke mwenye adabu. Mama Hansa alinikuta nimekaa juu ya robota, akaniletea chai ya tangawizi na chapati mbili zenye samli. Juu nikasikia kiti kikiinamishwa. Nikasikia Makori akipiga hadithi, kisha kimya kirefu cha vyuma, nikaanza kupumua. Kimya hakikudumu. Alikuwa na mikono ya kung'oa, haikuwa na subira ya kukwangua. Kompresa ikanguruma. Nikajiambia anamng'arisha tu mwishoni, hakuna ubaya. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naukaanga unga wa ile mashine kila siku, niliijua sauti yake. Ikipuliza juu ya jino husikika kama mtu anafagia, inakuja na kuondoka. Hii haikuondoka. Ilikaa mahali pamoja, ikazibika, ikawa nzito, na nikajua kabisa kwamba mdomo wa chuma umo ndani ya ufizi.

"Kwa nini wewe iko hapa?" Mama Hansa akaniuliza. "Wewe ndiyo fundi ya chini."

"Ni baba mkwe wangu, Mama Hansa. Siwezi kuingia."

Akakubali kwa kichwa, akiendelea kukunja kitambaa. "Mimi pia. Kwa baba ya bwana yangu nilifunika uso miaka saba, hapana ongea hata moja. Lakini nyumba ikishika moto, mimi nakimbia na uso wazi."

Niliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Nakumbuka ubaridi wa zege, kwa sababu nilikuwa nimevua viatu. Ngazi zilikuwa kumi na nne na sikupanda hata ya pili. Nilisimama pale nikisikiliza sauti ile nzito ikihama kutoka jino hadi jino, nikijua inachofanya, na miguu ikakataa. Nimejaribu miaka yote kuieleza miguu hiyo vizuri. Siwezi. Kompresa ikakatika ghafla, nikasikia mama mkwe akiita jina la Mungu, kisha Makori akateremka mbiombio, uso umempauka. "Kemunto, amevimba." Hewa ilikuwa imepenya chini ya ngozi. Shavu lote la kushoto lilikuwa limejaa mpaka jicho limefumba, na ukilibonyeza, akasema, linaalika kama majani makavu ya mgomba. Hata hapo sikupanda. Nilimpa maagizo nikiwa chini: usipulize kitu kingine, mkalishe wima, asipenge kamasi, mpeleke hospitali sasa hivi apewe dawa ya kuzuia usaha. Mzee alipitishwa mbele ya duka na taulo kichwani, na mimi nikajificha nyuma ya marobota asinione.

Uvimbe ulipungua siku ya tatu, na ndani ya wiki ulikuwa umekwisha. Mwili huinyonya hewa yenyewe, hakuna ajabu. Maneno ndiyo hayakunyonywa. Ekerenyo nzima ilijua kwamba kliniki ambako mke wa Nyabuto anafanya kazi walimjaza mzee pumzi kama gurudumu la baiskeli. Wengine waliongeza kwamba mke mgeni alikuwa na lake. Nilikuwa jikoni siku shemeji wa mzee alipoyasema hayo sebuleni, kwa sauti ya kunifikia, na nilingoja mzee aseme neno lolote la kunitetea. Alinyamaza. Hilo liliniuma kuliko uzushi wenyewe. Nilimtuma Nyabuto kumwomba baba yake aende Kisumu au Nakuru, kwa mtu mwingine, mikono mingine. Jibu lilikuwa fupi: kinywa chake hakitafunguliwa tena mbele ya mtu. Makori aliniomba radhi, kisha mwezi wa nane, msimu wa makambi ulipofika, akaiwasha mashine tena kwa ajili ya kwaya. Niliacha kazi siku hiyo. Meno ya mzee yalianza kutoka mwezi wa tisa. Hakung'olewa hata moja. Yalitoka yenyewe, kwenye ugali, kwenye ndizi. Kufikia Krismasi yale manane yote yalikuwa yamekwenda, na somo la Sabato alikuwa amemwachia kijana mwingine. Aliishi miaka kumi na minane zaidi akila chakula cha kupondwa, na mimi ndiye niliyekiponda mama mkwe alipozeeka.

Hayo yote niliyamwaga siku ileile ya mwezi uliopita. Nilirudi kutoka kliniki na hasira yangu, nikamkuta mama mkwe ameketi juani nyuma ya nyumba, akichambua maharagwe kwa vidole, kwa kuwa macho yamepungua. Nikamweleza habari za unga laini usioumiza. Nikamlaani Makori. Nikasema laiti kungekuwa na njia, laiti chinsoni isingekuwepo siku ile, ningemwokoa mtu yule kwa mikono hii. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake kuhusu mzee. Aliendelea kuchambua mpaka nikaishiwa.

"Alikuja kwako," akasema.

Nikamwambia najua, alikuja kliniki.

"Kliniki hakuijua. Alikuja kwako. Asubuhi ile, tukitoka stendi, aliingia duka akanunua kitambaa kikubwa cha mkononi, cheupe. Nikamuuliza cha nini. Akasema, nitakifunga machoni. Nisipomwona omokamwana, mke wa mwanangu, na yeye akatazama meno tu, hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Alikuwa amefikiri mwezi mzima. Tulipopanda juu alikuwa nacho mkononi. Akamuuliza daktari, mke wa Nyabuto yuko wapi? Daktari akasema, alipowaona mnakuja ametoka."

Akatupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharagwe.

"Alidhani umesikia pumzi yake," akasema. "Alidhani umeona kinyaa. Ndiyo maana hata walipokusema, hakusema kitu. Alikuwa na aibu mbele yako."

"Mama, kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii."

"Ningekuambiaje?" akauliza, na hakuwa ananilaumu, alikuwa anauliza kweli. "Ni jambo la kinywa cha baba mkwe wako."